Mhunzi Tuliyemkataa Sebuleni

Siku hiyo tulikuwa wanne katika nyumba yangu ya Kondele. Mimi mwenyewe. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, anayeuza mitumba Kibuye. Wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, aliyekuja kutoka Asembo Bay na omena, dagaa wa ziwani, kwenye ndoo. Wa nne ni mhunzi wa ndani ya gemu ya televisheni, na yeye namhesabu kwa sababu shauri lilikuwa lake. Majina yao yote ninayo kichwani, hata la mhunzi, lakini mjukuu ameniomba nisiyaandike.

Gemu ile mjukuu aliicheza kila Jumapili tukitoka kanisani. Ndani yake yeye ni mwanamke msafiri, anatembea na wenzake katika nchi kavu wakitafuta maji. Kupigana kwao kulinichosha. Lakini wakifika mahali pa kupumzika, anachagua mmoja, anaketi naye, wanazungumza. Ukimjibu vibaya ananuna. Ukimsikiliza anakufungulia moyo, polepole sana. Mjukuu alinitafsiria Kiingereza, maana mimi shule niliishia darasa la tatu.

Mwanzoni nilimcheka. "Unatongozwa na televisheni?"

"Ngoja tu, Dani," alisema. Ndivyo Wajaluo tunavyomwita nyanya.

Nikangoja, na Jumapili ya tatu ni mimi niliyekuwa nauliza yule mhunzi, mmoja wa wenzake, amesema nini. Alikuwa na kovu mkononi, na zilipita wiki kadhaa kabla hajasimulia alilipataje. Mume wangu alikuwa na kovu gotini. Niliishi naye miaka thelathini na minane, sikumwuliza. Mambo yetu yalisemwa na jagam, yule mshenga wetu, kabla sijaolewa, nami nikaona yametosha.

Basi siku hiyo mhunzi akamwomba mjukuu waoane. Majibu yakatokea chini ya picha: ndiyo, au hapana. Mjukuu akaweka kidude cha kubonyezea mapajani, akanigeukia.

"Dani, nimjibu nini?"

Wifi alikuwa anachambua omena kwenye ungo. Akauliza bila kuinua macho, "Ukoo wake ni upi?"

"Hajui. Aliokotwa akiwa mtoto, akalelewa na wafanyabiashara."

"Basi huyo anaweza kuwa kaka yako."

"Mtu ambaye kwao hakujulikani utamzika wapi akifa?" nikasema mimi. "Mkatae."

"Ni wa gemu tu, Dani."

"Kama ni wa gemu tu, mbona unaniuliza?"

Akabonyeza hapana. Mhunzi akainamisha kichwa, akachukua nyundo yake, akaondoka. Wenzake walipoketi tena kupumzika, nafasi yake kando ya moto ilikuwa tupu.

"Ameenda hata chai hajanywa," wifi akasema, tukacheka sisi wawili. Mjukuu akazima televisheni.

Jumapili zilizofuata alikuja, akala, akaosha vyombo, akaenda zake. Mvua za vuli zilipoanza nikamwuliza mbona hachezi tena. Ndipo akaniambia kulikuwa na kijana, fundi wa simu karibu na stendi, aliyelelewa katika nyumba ya watoto yatima, hajui kwao ni wapi. Alikuwa amemwomba waoane. Kabla ya kumleta kwangu, mjukuu alitaka kwanza asikie nitasema nini juu ya mhunzi. Nikawa nimesema. Wiki ile ile akamkataa fundi, naye fundi akahamia Busia.

"Ungeniambia ni mtu wa kweli."

"Ungejibu tofauti, Dani?"

Fundi mwenyewe nilimjua. Aliwahi kunitengenezea simu, akanipa kiti, akaniuliza miguu yangu inaendeleaje. Mimi ambaye nakumbuka jina la kila mtu, lake sikuwahi kumwuliza.

Nilimwomba mjukuu awashe gemu arudi pale mhunzi alipouliza, kwani alishanionyesha kwamba gemu hukubali kurudi nyuma. Akaiwasha, akajibu ndiyo. Mhunzi akatabasamu. Mjukuu akasema, "Haya, Dani, umefurahi?" akaenda kukoroga uji.

Nimeandika ninavyokumbuka. Mimi najua neno "mkatae" nililisema mara moja. Wifi anasema nililisema mara tatu, tena kwa sauti. Kama yeye ndiye mkweli, au mjukuu wangu akisoma hapa akaona nimepunguza, wanisahihishe.