Mama Houda Akikimbia

Sauti iliyobaki na Mwavita si ya risasi. Ni ya kandambili. Kandambili za watu wengi zilikuwa zimekwisha pita, zikishuka kuelekea darajani, nyingi kama mvua juu ya mabati, na mvua hiyo ikapungua, ikapungua, mpaka ikanyamaza. Ndipo akasikia jozi moja tu, pa, pa, pa, ikipanda. Ilikuwa inarudi.

Yeye alikuwa chini ya ukuta wa matofali, kando ya barabara ya Kanyosha, pembezoni mwa Bujumbura, goti limemgomea na pumzi imemkatika. Alikuwa mwanamke mnene, wa ule unene ambao wateja wake waliusifu, kwa kuwa aliuza wali na maharage, na watu wana imani na mpishi aliyeshiba. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amemwambia binti yake, "Nenda, mwanangu, mi nakuja," na Houda akaenda. Mwavita alipouona mgongo wa mtoto ukipotea kwenye kona, alipata utulivu ambao hakuwa ameupata kwa miaka. Kisha zile kandambili. Houda alikuja akajibana kando yake. Walikaa hapo mpaka milio ilipokwisha. Walipoinuka, ukuta juu ya vichwa vyao ulikuwa na matundu mapya.

Huo ulikuwa mwaka wa kumi wa vita vya waasi na serikali. Baba yake Houda alivuka mpaka wa Gatumba mwaka wa tatu, akaenda Uvira, upande wa Kongo, kununua mafuta ya mawese, na hakuonekana tena. Nyumbani walibaki wawili, mama wa chakula na binti wa cherehani. Mwavita hakuogopa sana kufa. Mtu huchoka hata na woga, akiubeba muda mrefu. Aliogopa siku nyingine kama ile, na kandambili zile zile zikipanda kumrudia.

Kila mchana alipeleka sufuria zake mtaa wa Buyenzi, kwenye gereji ya fundi Tajudini. Wakati wa vikwazo vya biashara, vipuri vilipokosekana, malori mengi yalifia pale uani na hayakuamka tena. Tajudini alikuwa mtu asiyependa kutupa kitu. Alichukua ekseli akazifanya vyuma vya kunyanyua, akajaza saruji kwenye makopo ya maziwa ya unga, akaweka fimbo katikati, na jioni vijana wa mtaa wakaja kujenga vifua. Gereji ikawa pia nyumba ya siporo. Mwavita, siku alizochelewa kuondoka, aliwaona vijana hao miaka yote, akawacheka miaka yote.

Siku chache baada ya ule ukuta, hakucheka. Alisubiri mafundi wamalize kula, akakusanya sahani, akasimama mbele ya Tajudini.

"Fundi, nataka unifundishe hivi vyuma."

Tajudini aliifuta mikono yake taratibu. "Kuna harusi?"

"Apana."

"Umepata bwana mupya?"

"We nawe! Nataka kupungua. Nataka niweze kukimbia."

Tajudini alikuwa anaishi Bujumbura kama wengine; hakuuliza kukimbia nini. Alivuta kreti tupu ya soda, akaigeuza, akasema, "Kaa." Mwavita akakaa. "Sasa simama, bila kushika goti." Akasimama kwa shida. "Rudia."

Aliporudia mara ya sita jasho lilikuwa limefika kiunoni, na kilemba kimelegea.

"Na vyuma?" aliuliza, akihema.

"Chuma cha kwanza ni wewe mwenyewe, Mama Houda. Ukiweza kujinyanyua, mi nitakupa ekseli."

Ndivyo alivyoanza. Tajudini alimpa saa ile ya baada ya chakula, mafundi wakiwa wamelala chini ya magari na mlango wa uani umefungwa, ili asione haya. Alimpa siku tatu kwa juma, akamkataza ya nne. "Mwili unajengwa ukiwa umelala," alisema. "Ukiupiga kila siku unakasirika." Kwanza kreti. Kisha kusukuma ukuta kwa mikono miwili, polepole, kama anayelisukuma gari lililozima. Kisha makopo mawili madogo ya saruji, moja kila mkono, na kutembea nayo kutoka lango mpaka kwenye lori moja la bluu lililofia pale na kurudi, mgongo wima, bila kuzungumza. Siku zisizo za vyuma, kazi yake ilikuwa kutembea tu: ashuke basi kabla ya kituo chake, apande kwa miguu mpaka nyumbani.

"Kukimbia lini?"

"Nitakuambia. Goti lako bado. Na isitoshe, mutu hakimbii ovyo katika muji huu. Unajua mwenyewe."

Kuhusu chakula walibishana. Mwavita aliapa kwamba hali kitu. Asubuhi chai, usiku kidogo. Tajudini alimtazama akipakua, siku mbili hivi, halafu akacheka.

"We hauli, ni kweli. We unaonja."

Ilikuwa kweli. Alionja maharage kwa upawa, akaonja wali, akaonja mchuzi kwa kipande cha andazi, akaonja tena kama chumvi imekolea. Kufika adhuhuri alikuwa ameonja sahani mbili nzima. Tajudini hakumwambia afunge. Alimwambia aonje kwa kijiko cha chai, apunguze sukari, na akae chini ale sahani moja ya kweli, maharage na mboga za lengalenga kwa wingi, kama mteja. Jambo hilo la mwisho lilimshinda kuliko vyuma. Hakuwa amewahi kukaa chini akala kama mteja.

Miezi ilikwenda. Haikuwa hadithi ya furaha. Kulikuwa na siku ambazo basi halikutoka Kanyosha kwa sababu barabara imefungwa, na juma zima likapotea. Kulikuwa na siku alizofika gerejini, akakaa kwenye kreti, akashindwa kusimama. Si kwa goti, kwa uchovu tu, uchovu usio na mahali unapouma.  Tajudini alimwacha akae, akaenda kufungua nati zake, na mara nyingi baada ya muda Mwavita akainuka mwenyewe.

Kitenge kilianza kumzunguka zaidi. Mtaani, maneno yakaanza.

"Mama Houda, unaumwa?" aliuliza Daphrose, jirani wa mlango wa pili. "Unaisha."

"Nafanya siporo."

"Siporo! Katika vita? Mi nimepungua bila siporo, na sijalipa mutu."

Na Sylvère, muuza mikate wa kona ya chini, alitingisha kichwa: "Mupishi akikonda, mi siwezi kula kwake. Ameona nini ndani ya sufuria?"

Alicheka pamoja nao. Lakini moyoni alikuwa anapima jambo lake, na asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, alihisi miguu imekuwa myepesi. Houda alikuwa bado anaoga. Mwavita alivaa raba, akafunga kitenge juu ya suruali, akatoka bila kuaga. Alijiambia atatembea mpaka kona tu. Kwenye kona akaona barabara inateremka, tupu, yenye ubaridi mzuri, na ule ukuta wa matofali uko kule chini. Akataka kuupita. Akakimbia.

Alimpita Sylvère akipanga mikate. Hakumsalimu, pumzi aliihitaji. Sylvère alimtazama mara moja tu. Kisha akaacha kikapu, mikate ikavingirika, naye akaanza kukimbia. Mlango ukagongwa. Mwanamke akaita watoto. Mtu akapiga kelele kwa Kirundi, "Baraje! Baraje!", wamekuja, na neno hilo likapita nyumba kwa nyumba upesi kuliko moto wa majani makavu.

Mwavita alisikia "Baraje!" nyuma yake.  Hakugeuka; nani hugeuka? Alijua tu kwamba wamekuja, kwa bahati yupo tayari barabarani, na akaongeza mwendo. Waliokuwa nyuma walipoona ameongeza, nao wakaongeza. Hivyo mtaa mzima ulishuka ukimkimbilia yeye, naye akiukimbia mtaa, mpaka darajani, ambako askari wa lindo walisimama wamepigwa na butwaa.

"Nani anawafukuza?" aliuliza mmoja wao.

Watu wakatazamana. Hapakuwa na mlio. Jogoo aliwika kule juu.

Sylvère, mikono kiunoni, akamwonyesha Mwavita kwa kidevu. "Tumemufuata huyu."

"Mimi? Mi nimewakimbia ninyi!"

"Mama, mi nakujua tangu zamani. Sijawahi kukuona unakimbia. Nikasema, Mama Houda akikimbia, basi leo ni mwisho wa dunia."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi, kicheko kikavu cha watu wasio na nguvu nyingine. Daphrose alicheka akilia, na godoro la mtoto kichwani. Mwavita naye angecheka. Lakini alikuwa akitafuta uso mmoja katika umati ule. Alitafuta mara mbili. Houda hakuwamo.

Alipanda mlima peke yake, mbele ya wengine, akikimbia pale miguu ilipokubali. Milango ilikuwa wazi, majiko yanafuka, hakuna mtu. Houda alikuwa ameketi kizingitini, nywele zinadondosha maji, mfuko wao wa kukimbilia ukiwa mapajani, ule wenye shuka, dawa na vitambulisho. Mtaa ulikuwa mtupu kote na yeye ameketi.

"Mbona hukukimbia?" Mwavita alipiga kelele. "Watu wote wamekimbia!"

"Ningekimbia na nani?"  "Nimetoka bafuni, haupo. Sikujua uko upande gani. Nimekungoja."

"Kama wangekuja kweli?"

"Wangenikuta nakungoja."

Mwavita akakaa kando yake. Uchovu wote wa miezi ile ukamshukia mara moja, wa kreti, wa kopo, wa kijiko cha chai. Alikuwa amejipunguza ili mtoto asije akarudi nyuma kwa ajili yake. Kumbe hata angekuwa mwepesi kama unyoya, mtoto angebaki palepale kizingitini. Fundo lililomrudisha mtoto halikuwa unene peke yake. Fundo lilikuwa wao wawili.

Alimweleza Tajudini yote, pamoja na sehemu ya mikate. Fundi alicheka mpaka akashika ekseli asianguke. Kisha akafuta macho.

"Mulete," alisema.

"Houda? Huyu hana hata nyama ya kupunguza."

"Si ya kupunguza. Mufundishane mwendo. We utembee haraka, yeye asikimbie. Yeye asikupite, we usibaki. Kila mutu akijua mwendo wa mwenzake, hakuna wa kungojwa."

Tangu hapo walikuja wawili. Walitembea uani na makopo yao, bega kwa bega, hatua moja. Houda alicheka sana siku za kwanza, akiharakisha, na mama yake akimvuta kwa pindo la gauni. Kisha wakazoea. Waliupeleka mwendo huo barabarani asubuhi, mwendo wa haraka usio mbio, na Sylvère aliacha kuitazama mikate yake kwa wasiwasi. "Wanatembea," aliwaambia wateja. "Mukae."

Kiangazi kilipokuja, waasi walikuja kweli.

Ilikuwa asubuhi, jua limekwisha toka. Safari hii hapakuwa na haja ya mtu kupiga kelele. Mabomu yalijitangaza yenyewe. Houda alichukua mfuko, Mwavita akafunga mlango kwa mazoea ya ajabu, na wakaingia katika ule mto wa watu. Wengine waliwapita wakikimbia, kisha wao wakawapita hao hao, wameinama kando ya njia wakitafuta pumzi. Daphrose walimkuta hivyo. Mwavita alimpokea mtoto mgongoni bila kupunguza hatua, akasema tu, "Shika kitenge changu." Goti lilimuuma. Kifua kilimuwaka. Ukuta wa matofali ulikuja upande wa kushoto, na matundu yake, na hapo Houda akapunguza mwendo kidogo, akamtazama.  Mwavita aliendelea kwenda, na ukuta ukapita.

Ng'ambo ya daraja walikaa kwenye nyasi kavu pamoja na wengine wote, nyuso za vumbi. Nyuma yao Kanyosha ilitoa moshi. Hakuna aliyejua watalala wapi. Daphrose alikuwa anamnyonyesha mtoto. Houda alivua kandambili zake, akaziweka mbele yake sambamba, akalaza kichwa kwenye bega la mama yake, bega lile ambalo sasa lilikuwa na mfupa.

Mwavita alizitazama zile kandambili kwa muda mrefu.

"Leo hukurudi," alisema, kwa sauti ya chini sana.