Wewe wa Nyuma, Acha Dirisha

Sentensi ambayo mtoto yule aliisoma vizuri kuliko zote haikuwamo katika kitabu.

Alikuwa amesimama mbele ya ubao, karatasi ameishika sawa na kidevu, kidole kinatembea. Direkta wa shule alikaa kwenye kiti changu, miguu ameinyoosha, akisikiliza. Mtoto alisoma habari za mlinda mlango aliyeingia uwanjani akiwa na homa. Alisoma mvua, alisoma kelele za watu, kisha kwa sauti ileile, bila kupunguza mwendo, akasoma: "Wewe wa nyuma, acha dirisha." Halafu akarudi kwenye mvua.

Maneno hayo yalikuwa yangu. Niliyasema siku moja nilipokuwa nikiwasomea ukurasa huo, kumkanya mwanafunzi wa dawati la mwisho aliyekuwa akichezea komeo la dirisha. Mtoto huyu aliyasikia, akayapanga kati ya mvua na mpira, na hapo yakabaki. Direkta hakugundua kitu. Karatasi aliyopewa afuatilie alikuwa ameilaza mezani na kuweka simu yake juu.

"Huyu anasoma kama redio," alisema.

Mimi nimefanya kazi redioni, na najua msomaji wa redio huwa ana karatasi mbele yake na anaitazama.

Nieleze kwa mpangilio. Redio ndogo niliyokuwa nikisomea habari ilinyamaza, wenzangu wakatawanyika, kila mmoja akitafuta pa kushika. Parokia yetu hapa Majengo, Goma, ilikuwa na darasa la mchana kwa watoto waliopitwa na shule. Wengi walikuwa wameshuka na wazazi wao kutoka milima ya Masisi, wakahama, wakahama tena, na kila walipofika mahali papya walianzishwa upya a, e, i, o, u. Herufi hizo tano walizijua kama jina la mama. Kilichofuata baada yake hawakuwahi kukaa mahali muda wa kutosha kukiona. Niliombwa niwafundishe kusoma, nikakubali.

Katoni ya vitabu ilitoka Tanzania. Vilikuwamo vya sungura, vya kunawa mikono, na kimoja chembamba chenye maisha ya mcheza mpira, mlinda mlango, tangu alipokuwa akidaka machungwa nyumbani kwao hadi siku aliyoinua kombe. Nilichagua hicho. Mtoto wa Majengo anapiga mpira wa mifuko ya plastiki juu ya mawe ya volkano tangu asubuhi, peku, na vidole vinatoka damu. Nikaona kwamba akipewa maisha ya mcheza mpira atayafuata maneno kama anavyoufuata mpira. Bado naamini hivyo, na ndiyo maana jambo hili linaniudhi.

Kitabu kilikuwa kimoja, watoto wengi, kwa hiyo tulitoa fotokopi. Maneno yalitoka vizuri. Picha zote zilitoka nyeusi. Mchezaji aliyeruka hewani kudaka mpira akawa doa jeusi ndani ya doa jeusi, na kilichoonekana ni glovu zake tu.

Kiswahili cha kitabu kilikuwa safi, na usafi huo ulinishinda. Sisi hapa mpira tunauzungumza kwa Kifaransa chetu. Anayesimama kwenye goli ni gardien. Sijawahi kumsikia mtoto wa Goma akimwita mlinda mlango. Kwao mlinda mlango ni zamu: mtu wa koti refu na fimbo, anayekaa kwenye geti la tajiri. Na zamu wanamjua vizuri, kwa sababu baba zao waliokuwa na ng'ombe na mashamba kule juu, wengi wao mjini wamepata kazi hiyo tu.

Sikuligundua hilo mapema. Walikuwa wakisikiliza kwa makini, macho hayapepesi, nami nikadhani mpira unafanya kazi yake. Siku nilipoanza kuuliza maswali, niliuliza kwa nini mlinda mlango alihuzunika baada ya mechi yake ya kwanza. Kitabu kinasema alifungwa mabao matatu.

"Juu walimufunga," alijibu mmoja.

Nikamwuliza walimfunga nini.

"Walimufunga na mbao tatu, Madame. Kwenye kasho."

Darasa zima likakubali kwamba alitiwa kasho, yaani mahabusu, na mwingine akaongeza kuwa lazima alisinzia, mwizi akapita. Nikawaacha waseme. Walikuwa wamejijengea hadithi nzima, na ilisimama imara kuliko ya kitabu. Zamu mwaminifu anafungwa kwa kosa la wezi. Bosi wake, anayeitwa nahodha, anamwamini na kumrudisha kazini. Zamu analinda mlango mvua ikimnyeshea na homa ikimpanda, hapiti mtu, na mwishoni anazawadiwa kikombe. Niliuliza kuhusu glovu. Wakaniambia usiku kuna baridi.

Nikawasahihisha. Nikasema huyu si zamu, huyu ni gardien.

"Si ndiyo zamu, Madame," alisema mmoja kwa upole, kama anayemsaidia mgeni. Na kweli, hata kwa Kifaransa, gardien ni huyohuyo wa getini. Nikachora miti miwili na mwamba juu yake ubaoni, nikawaambia huu ndio mlango. Wakatazamana. Mlango gani hauna mlango? Mwizi si anapita tu? Walicheka mpaka nikacheka nao, kisha nikawatoa nje na mpira, nikamsimamisha mmoja kati ya mawe mawili, na wengi wakaelewa.

Mtoto ninayemzungumzia hakuwapo siku hiyo. Bomba la kwao lilikuwa limekauka, akaenda ziwani na bidoni, dumu lao la maji. Nilimweleza baadaye, kwa haraka, wenzake wakiwa wanapiga kelele. Alisema ndiyo, Madame.

Alikuwa mkubwa kuliko wote darasani, magoti yake yakigonga dawati. Baba yake ni zamu Katindo, karibu na kambi ya jeshi, analinda nyumba ambayo wenyewe wameondoka na funguo. Baba alikuwa amekwisha kupanga: binti akikubaliwa darasa la nne la shule ya kawaida mwaka huu, atasoma. Asipokubaliwa, ataenda Kibumba kwa shangazi yake, mwenye mashamba ya karoti na vitunguu na upungufu wa mikono. Mtoto mwenyewe aliniambia hayo bila kulalamika. Alisema karoti hazimsumbui, ila mtu akishapanda kule na jembe hashuki tena na daftari. Aliwajua wawili waliopanda hivyo.

Kwa hiyo alijifunza kwa nguvu zake zote, kwa njia aliyoikuta. Shuleni kwetu kusoma maana yake ni kurudilia: mwalimu anatamka mstari, darasa linaurudisha kwa wimbo. Nilijaribu kuvunja desturi hiyo. Nikinyamaza, na wao wananyamaza, midomo wazi, wakisubiri. Mzazi anayepita nje akisikia kwaya anaridhika kwamba watoto wanasoma, akisikia kimya anauliza kama leo ni likizo. Siku moja direkta alitukuta tumeinama, kila mtoto anahangaika na silabi zake polepole, akanivuta pembeni na kuniuliza kama naumwa.

Mtoto huyu alikuwa na sikio ambalo redio yetu ingelipigania. Alikariri kila ukurasa niliowasomea, pamoja na pumzi zangu. Pale nilipokohoa, alitua. Pale nilipokanya mtu wa nyuma, alikanya.

Siku ile ya mtihani, direkta alipokwisha kumsifu, nilimwambia palepale kwamba mtoto hajasoma. Nikamwomba ampe ukurasa mwingine, wowote, hata tangazo la ukutani.

"Mama," aliniambia, "umefundisha, mutoto amesoma, sasa wewe unalia nini?"

Nikamweleza sentensi ya dirisha. Akaitafuta kwenye karatasi kwa muda, akasema pengine kopi yake imeruka mstari. Nje wageni waliokuja kuona maendeleo ya darasa walikuwa wakingoja. Akaandika kwamba mtoto amefaulu kuingia darasa la nne, akatoka kuwapokea. Mtoto alinitazama. Hakuelewa tulichobishania, ila alielewa kwamba Madame wake ndiye aliyetaka asifaulu.

Naijua faida ya kunyamaza, na sikutaka kuitumia. Darasa la nne hakuna anayefundisha tena herufi. Kule kuna kwaya ndefu zaidi, kwa Kifaransa, na mtihani wa kuandika unakuja na karatasi ambayo hakuna aliyekusomea. Angefukuzwa na karatasi ya kwanza, na baba angesema, "Nilimpa nafasi." Nikaomba chumba niendelee naye wakati wa likizo. Chumba kilikuwa kimepewa darasa la cherehani.

Basi nikamfuata Katindo. Baba yake alinipokea getini, akanipa kigoda chake, yeye akasimama. Tulikuwa tunasomea hapo kila Jumatano, chini ya ukuta, magari ya kambi yakipita na kutumwagia vumbi. Nilifunika mistari yote kwa rula, nikamwachia neno moja moja. Wiki za mwanzo alinichukia. Nikimwonyesha neno lililo katikati ya ukurasa, alianza kunong'ona tangu juu ili alifikie, kama mtu anayepanda ngazi kutafuta chumba. Nikamkataza kunong'ona. Akanuna. Nikamletea kurasa ambazo sikuwahi kuwasomea, za utoto wa mchezaji, machungwa na mama yake, na hapo hakuwa na pa kujificha. Ma. Chu. Ngwa. Jasho lilimtoka puani. Likizo ilipokuwa inaisha alikuwa anaweza kuvuka sentensi nzima, vibaya, akijikwaa, akirudi nyuma, na nilikuwa nasikia kwa masikio yangu kwamba sasa anasoma.

Baba alikuwa akisikia pia.

"Madame," alisema Jumatano iliyopita, mikono nyuma, akichagua maneno ili asiniumize, "mbele alikuwa anasoma mbio kabisa. Usiku ananisomea, hakamatwi. Sasa juu ya nini anagongagonga?"

Nilimweleza kwamba zamani alikuwa anakumbuka na sasa anasoma. Akatikisa kichwa kama unavyomtikisia daktari aliyekosea dawa ila ni mtu mwema. Kisha akapata wazo la kutusaidia sote.

"Somea Madame ile pahali yangu," alimwambia binti. "Pale mwizi anapita nyuma ya nyumba. Zamu hapigi kelele, hakimbii. Anamwambia tu: wewe wa nyuma, acha dirisha." Akanigeukia. "Mutu aliandika ile alishakuwa zamu. Ni vile tunafanyaka."

Mtoto alifungua ukurasa wa mvua. Alianza juu, kidole chini ya neno, bila kunong'ona, kwa sababu nilimkataza. Alishuka mstari kwa mstari. Lori la kambi lilipita, likaja lingine, naye bado alikuwa anashuka. Nilimwona anafika kwenye mvua, anasimama, anarudi mstari mmoja nyuma, anaurudia. Aligeuza karatasi akatazama nyuma yake, akairudisha.

"Papa, haiko," alisema.

"Tafuta muzuri."

"Nimetafuta. Nimesoma yote. Haiko."

Hakuna kusoma kulikowahi kunifurahisha kama huko. Ili kujua kwamba sentensi haimo, unapaswa kuwa umepita juu ya kila iliyomo. Nilimgeukia baba kumwambia hivyo, nikakuta ameinamisha macho, ameona haya kwa niaba yetu wawili. Sentensi anayoijua kwa moyo, aliyosomewa usiku mwingi na mtoto huyuhuyu, leo mtoto ana karatasi mkononi na haioni.

Nikamwambia maneno hayo niliyasema mimi, darasani, na kitabuni hayamo.

"Wewe, Madame?" Akacheka kidogo, kwa heshima. "Wewe ulikuwa unalinda nini?"

Nikaeleza komeo, dawati la nyuma, mpira, miti miwili isiyo na mlango. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama taarifa ya habari, na kila nilivyoendelea niliona inazidi kufanana na uongo. Mtoto alikuwa ananitazama mdomoni. Nadhani naye ndiyo mara ya kwanza alikuwa anaelewa nani aliyekuwa nyuma, na dirisha lipi. Baba alinisikiliza hadi mwisho. Akasema sawa, Madame, akamwambia binti arudishe kigoda ndani.

Shangazi anashuka kutoka Kibumba Jumamosi na magunia yake ya karoti, na jioni anapanda tena. Shule inafungua Jumatatu. Jina la mtoto lipo darasa la nne, limebandikwa mlangoni, nimeliona, ila baba naye ameona binti asiyeweza tena kusoma. Nilimwuliza baba getini kama Jumamosi shangazi atapanda peke yake. Alifunga geti nusu, akasema tutaona.