Idadi Moja, Hali Nzuri

Mwaka ule nilipewa kazi ambayo wenzangu wote idarani waliikwepa kwa visingizio vya harusi na misiba: kuandika mtaala wa cheti cha ubora wa korosho kwa tawi letu dogo la chuo kikuu, hapa Lindi. Mimi sikuwa na kisingizio. Nakaa Mtanda, ofisi iko karibu, na kila mtu alijua sina harusi.

Mtaala hauandikwi kwa kupenda. Kuna mwongozo, nao unataka mambo yake: ushahidi kwamba wadau wanaihitaji kozi, saa za kila somo, sifa za wanafunzi, sifa za walimu, orodha ya vifaa. Kisha unapita idara, kitivo, seneti, na mamlaka ya juu zaidi. Hata vitenzi vina sheria. Huruhusiwi kuandika kwamba mwanafunzi "ataelewa" korosho, kwa sababu kuelewa hakupimiki. Lazima abainishe, apime, apange. Nilifuta "kuelewa" kila mahali wala sikuona uchungu.

Tatizo ni kwamba korosho nilijua kuitafuna tu. Ndipo nikaenda Mtama kwa mama mmoja aliyekuwa amekagua korosho ghafi miaka mingi kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ndani."

Alichota konzi moja kutoka kwenye gunia, akaitikisa karibu na sikio. "Hii mbichi bado. Imeanikwa siku moja, mwenyewe akaona inatosha." Kisha akazipasua kwa kisu chake, moja moja, akanionyesha ndani. Kipima unyevu nilichoazima kilikubaliana naye baadaye kidogo. Nilirudi kwake siku sita. Kila chenye maana katika mtaala ule kilitoka kinywani mwake. Vyangu vilikuwa vitenzi.

Siku ya mwisho aliniuliza, "Sasa mwalimu, kwenye hicho kitabu chenu na mimi nitakuwemo? Maana ningependa kufundisha. Wanangu waseme mama yetu anafundisha chuo kikuu."

"Utakuwemo, mama," nikamwambia, na sikuwa natania.

Kamati ya kitivo ikaurudisha mtaala. Mwalimu wa ngazi ya cheti lazima awe na elimu iliyo juu ya ngazi hiyo, na yule mama aliishia darasa la saba. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alinionyesha kifungu, akafunga mwongozo. Akiwemo, mtaala haupiti. Asipokuwemo, hakuna wa kufundisha vitendo, na mtaala haupiti vilevile.

Baada ya siku mbili nililifungua jedwali la vifaa. Chini ya mizani, vipima unyevu na visu nikaongeza mstari: "Mtaalamu wa korosho. Idadi: 1. Hali: nzuri." Kifaa hakiulizwi digrii. Mtaala ukapita ngazi zote, na kwenye seneti tukapongezwa kwa utoshelevu wa vifaa. Nilijiona mjanja sana.

Masomo yakaanza. Alikuja kila Jumanne kutoka Mtama, kanga zimepigwa pasi, kisu chake kimeviringishwa kwenye kitambaa. Wanafunzi walimwita mwalimu. Aliitika bila kuinua uso, lakini niliona anavyofurahi.

Halafu ikafika wiki ya kuhakiki mali. Mtunza stoo aliingia darasani katikati ya kipindi, karatasi mkononi, akaanza kusoma kwa sauti.

"Mizani, nne. Vipima unyevu, viwili. Visu, kumi na viwili. Mtaalamu wa korosho, mmoja." Akainua kichwa. "Hiki kiko wapi?"

Wanafunzi wakacheka, kisha wakaacha. Mama akaweka kisu mezani.

"Nipo," akasema.

Mtunza stoo alikuwa mtu wa kufuata karatasi. "Hali?"

"Hali muulize mwalimu. Kitabu ni chake."

"Nzuri," nikasema. Nimewahi kuaibika mara nyingi, lakini aibu ile ninayo mpaka leo.

Kipindi kilipokwisha nikamweleza yote: mwongozo, kifungu, ngazi, kamati. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku anakiviringisha kisu.

"Nimeelewa, mwalimu," akasema.

Jumanne iliyofuata hakuja, wala iliyofuata tena. Nikamfuata Mtama. Alinikaribisha vizuri, akaniandalia chakula, akaniuliza habari za nyumbani, na alinisindikiza mpaka barabarani. Habari za chuo hakuzigusa, nami sikuthubutu kuzianza.

Kozi inaendelea. Wanafunzi wanabainisha, wanapima, wanapanga. Kipima unyevu kinafanya kazi. Mwisho wa mwaka mtunza stoo aliniletea fomu ya upungufu wa vifaa, kwa sababu katika orodha yake kimoja hakionekani. Fomu ilitaka sababu, na sababu zilikuwa tatu tu, kila moja na kisanduku chake: kuchakaa, kuibiwa, uzembe wa mtumiaji.

Niliweka alama kwenye cha tatu, nikatia sahihi.