Zuhura wa Uwanja wa Kupuria

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Utamaduni wa Mkoa alinipokea pale Singida mjini kwa kunikabidhi kinasa sauti kizito, kaseti tatu na lundo la fomu.

"Binti, hapa hatuchezi ngoma," alisema. "Tunaziandika."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Fomu iliuliza jina la wimbo, mahali, shughuli na mtunzi. Kwa nyimbo za jadi, kwenye nafasi ya mtunzi tulijaza "hajulikani" tukiwa bado ofisini, hata kabla ya kupanda gari, ili kuokoa muda. Ndivyo nilivyofundishwa. Mimi niliyekuwa nauliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

Ilongero nilikwenda msimu wa kupura uwele. Akina mama walisimama mistari miwili wakipiga masuke kwa fimbo, na kiongozi wao, Bibi Hadija, akianzisha wimbo. Nadhani niliwachosha. Fimbo ni za mti gani? Kwa nini mstari huu unatangulia kupiga? Mbona mwishoni sauti zinashuka? Wakanieleza kwamba mwishoni hutajwa wanawake waliowahi kupura uwanjani pale na sasa ni marehemu. Wa mwisho kutajwa alikuwa Zuhura, binti wa Bibi Hadija mwenyewe. Nilinasa wimbo wote.

Ilikuwa miaka ya soko huria, kaseti zimejaa vibandani. Mfanyabiashara mmoja alifika ofisini na barua iliyopigwa chapa vizuri, na bosi akamruhusu kunakili kaseti zetu pamoja na fomu zake. Haikupita miezi mingi, wimbo wa Ilongero ukawa unapigwa stendi, umetiwa kinanda, na jina la Zuhura limefanywa kiitikio. Watu walikuwa wanalikatikia viuno.

Bibi Hadija akaja ofisini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sikufuata hela. Nataka Zuhura wangu atolewe mle. Walevi wanamchezea."

Nilimwandikia mfanyabiashara barua kali. Alijibu kwa kuambatisha nakala ya fomu yangu, na neno "hajulikani" amelipigia mstari. Nilikwenda kwa mwanasheria wa wizara, mtu mpole mwenye miwani minene. Alinieleza kwamba mikataba ya kimataifa ya hakimiliki, yaani haki ya mtunzi juu ya kazi yake, ilikuwa imejengwa kumlinda mtunzi mwenye jina. Wimbo wa jamii nzima ulihesabiwa hauna mwenyewe, na yeyote angeweza kuuchukua.

"Wataalamu wa mataifa wanalijadili," alisema. "Lakini dada, hapa umeandika kwa mkono wako."

Nikarudi Ilongero kumweleza Bibi Hadija. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nani kasema hajulikani?"

"Mimi, bibi."

"Mbona hukuniuliza? Kile kipande cha Zuhura nilikitunga mimi, siku ya arobaini yake."

Niliona aibu. Tulijaza fomu nyingine palepale, na mwanasheria akaandika barua yake. Mfanyabiashara alikubali kuacha kutoa nakala mpya. Zilizokwisha kuuzwa hakuna aliyeweza kuzikusanya. Baadaye nchi ikapata sheria mpya ya hakimiliki iliyozitaja sanaa za jadi na kudai kibali kwa anayezifanyia biashara, nami niliisoma ibara kwa ibara huku nikimfikiria yule bibi.

Siku hizi maafisa vijana huniletea rasimu za mikataba ya kimataifa inayotaka jamii iridhie kwanza, kabla ya mtu kuchukua chochote. Ninazifurahia kwa dhati, nawasumbua kwa maswali hadi wanaangalia saa.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Ilongero kuaga, nikawakuta wanapura. Bibi Hadija aliimba akiwa ameketi kwenye kigoda. Walipofika mwishoni, marehemu wote walitajwa, ila jina moja lilirukwa. Nikamuuliza kwa nini.

"Zuhura tulishindwa kumrudisha, mwanangu," alisema. "Bado yuko stendi."