Moto Aliouota Baba Askofu

Mama alifia hospitalini Kasese, asubuhi, wakati wauguzi wanabadilishana zamu. Kabla hajaishiwa na sauti aliniomba jambo moja tu: tukimfikisha nyumbani Bwera, tuwashe moto uani, na watu wakae kuuzunguka bila maneno mengi, kama walivyomfanyia Baba Askofu.

Habari hiyo nilikua nikiisikia. Askofu alipofika kwetu alikuwa bado padri kijana, Mzungu mwembamba, akipanda milima kwa miguu na kuomba maji kwenye nyumba za watu. Walimpenda, ila jambo moja liliwauma. Kwetu mtu akifa, uani huwashwa moto, majirani huja kila mmoja na ukuni wake, na wafiwa hawaachwi peke yao mpaka siku ya kuanua tanga. Padri aliuona moto ule akadhani ni wa kutambikia mizimu. Akaukataza. Waliobatizwa wakawa wanafiwa na kujifungia ndani kama watu waliofanya kosa.

Kisha padri mwenzake, ambaye walikuja pamoja, akafa kwa homa. Mama alikuwa msichana mdogo. Alisema watu walisimama mbali wakiitazama nyumba ya mapadri, mlango umefungwa, hakuna anayelia. Bibi yangu ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alimtwika mama kuni, naye akajitwika zake, wakaenda kuziwasha mbele ya mlango ule. Wengine wakafuata. Padri alitoka amekasirika. Akawatazama. Hakuna aliyemwambia neno. Mwishowe akakaa chini kwenye majani ya migomba, moshi ukimpiga usoni, akalia kama mtoto.

Tangu hapo hakukataza tena. Hata alipofanywa askofu, akisikia kuna msiba alikuja na ukuni wake mkononi, akakaa, akanyamaza. Shule alizojenga zipo, na picha yake iko kanisani. Mama hakuwahi kumsifu kwa shule.

Kaka yangu, anayefanya biashara Kasese mjini, alikodi tenti, viti na spika. Nilipomweleza ombi la mama alitikisa kichwa.

"Dada, sisi ni watu wa kanisa. Wageni wangu watoke mjini waje kuvuta moshi?"

"Mama aliomba."

"Mama alikuwa mgonjwa."

Sikusoma sana, na kubishana sijui. Nilimwendea katekista, ambaye bado ni mgeni kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema maandishi yaliyo chini ya picha ya askofu yanataja shule na zahanati, moto hayautaji, na yeye hawezi kumwamulia mwenye msiba.

Mchana akaingia mama mdogo, mdogo wake mama aliyeolewa ng'ambo, Butembo, na kuzoea Kiswahili cha huko. Alikuwa amevuka mpaka pale Mpondwe kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Alisimama katikati ya viti.

"Mutu amekufa hapa, ao muko na ndoa?"

Watu wakacheka, kisha wakaona haya.

"Moto iko wapi?"

"Mama mdogo, pole na safari," kaka alisema. "Kaa kwanza. Mambo ya moto kanisa ilikataza zamani."

"Ilikataza, kisha yenyewe ikafiwa! Dada yangu alibeba kuni ya ile moto na kichwa. Weye umebeba nini? Spika?"

Kaka aliinamisha uso. "Basi washeni. Lakini nyuma, kwenye migomba."

Tuliwasha nyuma. Wanawake wazee wachache wa jirani walikuja, kila mmoja na ukuni wake. Spika ilihubiri, ikawataja waheshimiwa, ikawashukuru tena. Sisi tulinyamaza. Baada ya kuzika na kula, magari yaliondoka, na tenti ikafunguliwa haraka kwa sababu ilikuwa inasubiriwa kwenye harusi Kinyamaseke.

Kaka alikuja kule nyuma na viatu vyake vyeusi, akaanza kusali kwa sauti. Mama mdogo alimshika mkono.

"Nyamaza kidogo, mwanangu."

Akakaa. Nilisikia pumzi yake inakatika, sikumtazama. Kisha simu yake ikaita, akaipokea huku anakwenda kwenye gari, na siku hiyo hakurudi.

Nasema kama ilivyokuwa: moto wa mama haukujaa watu kama ule wa padri. Kuna saa nyingi tulibaki mimi na mama mdogo tu. Iliniuma, na bado inaniuma, kwamba mgeni alipewa kijiji kizima, na yeye aliyembebea kuni hakukipata.

Siku ya kuanua tanga mama mdogo alichukua ufagio azoe majivu, maana alikuwa na safari ya kurudi kwake. Nilimwambia, bado kidogo. Hakuuliza. Aliulaza ufagio chini, akakaa tena karibu nami, tukanyamaza.