Mama Katika Kila Sentensi

Sentensi ya kwanza niliyotafsiri katika lugha ya baba ilisema kwamba mama anapika ugali. Ya pili ilisema mama hapiki ugali. Ya tatu ilisema mama alipika ugali jana, na kwa kuwa jana yake tulikuwa tumekula ugali, nilijiona nimeanza kuielewa lugha.

Lugha hiyo haikuwa na wenyewe. Baba aliitunga mezani kwetu, katika nyumba ya kampuni kule Kapata, nje ya Kolwezi, ile miaka ya mwanzo ya Zaïre. Nchi ilikuwa imepewa jina jipya, mto umepewa jina jipya, pesa zimepewa jina jipya, na watu nao wameambiwa waache majina ya ubatizo watafute mengine. Baba alisema kama kila kitu kinabadilishwa jina, yeye haoni ubaya wa kusaidia.

Alikuwa karani wa ghala la vipuri. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kipuri, kuanzia boliti mpaka mota, kina etiketi ya mistari mitatu: juu, jina kililotoka nalo kiwandani, katikati, kipuri kinafanya kazi gani ndani ya mashine, chini, jina ambalo fundi wa Kapata atalielewa. Alipoanza kutunga lugha hakujua njia nyingine ya kufanya kazi. Kila sentensi daftarini ilikuwa na mistari mitatu. Juu sentensi yenyewe, katikati kazi ya kila neno, chini Kiswahili. *Zefi orsu hapto.* Zefi: mama, mtendaji. Orsu: kupika, sasa hivi. Hapto: ugali, kinachotendewa. Mama anapika ugali.

"Neno bila etiketi linapotea mu magazini," alituambia, kwa sauti ya mtu aliyewahi kupoteza vitu ghalani.

Sababu ya kutunga ilikuwa ndoa yake. Ukoo wa baba ulitoka Kasai. Babu aliletwa na kampuni kuchimba shaba. Mama alitoka kaskazini ya Katanga. Shangazi zangu walipokuja kututembelea, walizungumza lugha yao juu ya kichwa cha mama na kucheka, na mama aliwapa maji na kucheka pia, akichelewa kidogo. Wajomba walipokuja, walilipa kisasi kwa lugha yao, na zamu ya kuchelewa kucheka ikawa ya baba. Baba alikuwa mtu wa haki. Jambo hilo lilimuuma, akaamua nyumba yake iwe na lugha ambayo hakuna shemeji atakayeingia nayo kama kwake.

"Na Kiswahili?" mama alimuuliza.

"Kiswahili ni kama robine ya mutaa," baba alijibu. Alimaanisha lile bomba la maji mwisho wa safu yetu. "Bote banachota, hakuna mwenye anafagia pale."

Kupata maneno kulikuwa kazi kubwa. Baba hakutaka neno ambalo tayari ni la mtu, kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa alipita nyumba kwa nyumba akiwatamkia majirani. Safu yetu ilikuwa na Walunda, Wasanga, Wabemba, Wachokwe na Waluba wa pande zote mbili, wa Kasai na wa Katanga. Neno la kumaanisha mama lilimchukua mwezi mzima. Kila alilotamka, mlangoni mwa mtu lilikuwa tayari lina maana, na mara mbili maana hiyo ilikuwa tusi. *Zefi* lilipita milango yote bila mtu kukasirika, na baba alirudi nyumbani siku hiyo amefurahi kama aliyepandishwa cheo.

Masomo yalikuwa saa kumi na moja jioni, baba akitoka kazini. Tulikaa mezani karibu na dirisha, mimi na wadogo zangu wawili. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa mwanafunzi bora, jambo lisilo gumu unaposhindana na mtoto wa miaka saba na wa miaka mitano. Baba alihitaji mifano. Hakuwa mtu wa kubuni mambo, kwa hiyo alitazama dirishani na kuandika alichokiona. Nje ya dirisha, kila siku saa hiyo, alikuwepo mama na mbabula yake, lile jiko letu la mkaa. Mama anapuliza moto. Mama anachota maji. Mama ameanika nguo. Mama atatwanga sombe, yaani kisamvu. Ilipofika wakati wa kujifunza kuuliza, tuliuliza kama mama anapuliza moto.

Wiki za mwanzo baba alimwita aje kukaa nasi.

"Ile luga itaosha masufuria?" mama aliuliza huko nje.

Baba alifikiri, maana kila swali alilichukulia kama swali, akajibu kwamba hapana. Hakumwita tena. Wala hakukumbuka, au hatukukumbuka sote, kwamba mama hajasoma, na kwamba ile mistari mitatu kwake ilikuwa mistari mitatu tu.

Hivyo ikapita miaka miwili. Daftari lilijaa, likanunuliwa la pili. Siku moja baba aliniambia niandike sentensi yangu mwenyewe, ya kwanza kuwahi kuandikwa na mtu mwingine asiyekuwa yeye. Nilitazama dirishani kama nilivyofundishwa. Mama alikuwa anageuza samaki. Alituangalia, akatabasamu kidogo, kama anavyotabasamu mtu ambaye hajaambiwa kinachozungumzwa. Niliandika *Zefi vol erga*, nikaisoma kwa sauti: mama hajui. Nikacheka. Wadogo zangu wakacheka kwa sababu nimecheka. Baba naye akacheka, kwa furaha tu, kwa sababu kwa mara ya kwanza lugha yake ilikuwa imemchekesha mtu.

Mama alirudi kwa samaki wake.

Kesho yake tulitoka shule tukakuta mbabula ni baridi. Baba alidhani mama amechelewa sokoni. Ilipofika jioni alipika ugali mwenyewe. Ulikuwa na upande mgumu na upande wa maji, na sisi tuliouandika ugali mara nyingi kuliko watu wote wa Zaïre tulikaa tukiutazama. Siku ya pili jirani yetu, mama mmoja mtaratibu, alikuja na bakuli la maharagwe na habari.

"Mama yenu ameenda kwa kaka yake, kule Kasulo," alisema. "Amechoka kusemwa mu nyumba yake mwenyewe. Kila siku pa dirisha munasemaka zefi, zefi. Ile neno anaijua, juu tata yenu alipita nayo mu nyumba yote. Anasikia munamusema, anasikia munacheka."

"Ilikuwa mifano," baba alisema.

"Mifano ya nini?"

"Mifano tu."

Jirani alichukua bakuli lake jingine la wiki iliyopita akaenda. Baba alikaa. Sijawahi kumwona mtu akiwa na huzuni namna ile huku ameshika kalamu. Alikuwa ametunga lugha ili mtu asikae nyumbani kwake akisikia watu wanacheka juu ya kichwa chake, na mtu huyo sasa alikuwa amefunga kitenge na kuondoka. Nami nilijua kilichomwondoa hasa. Nilijua kabla ya jirani kusema.

Kwetu, mke akirudi kwa ndugu zake, mume humfuata na kujieleza mbele yao, na anaweza kurudi peke yake vilevile. Jumamosi baba alivaa abakosti yake, ile suti ya heshima isiyo na tai, akachukua kilo mbili za sukari na madaftari yote mawili, akanichukua na mimi. Aliamini madaftari yatamwokoa. Tulikwenda Kasulo kwa miguu. Siku zile watu wa Kasulo walikuwa hawajaanza kuchimba sakafu za nyumba zao kutafuta kobalti. Walichimba choo tu, wakaridhika.

Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alifanya kazi mgodini na Jumapili aliongoza nyimbo kanisani, kwa hiyo alikuwa na sauti ya sehemu zote mbili. Alimketisha baba kwenye kiti cha peke yake. Mama alikaa ukutani, amenyooka, hatuangalii. Baba alieleza mambo ya etiketi. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi tusomee," alisema. Baba akafungua daftari. "Hapana, weye hapana. Weye njo ulitunga ile luga, unaweza kutunga na maana yake. Mutoto njo atasoma."

Nikasimama nikasoma. Mjomba alitaka mistari yote mitatu, asibakishiwe kitu. Mama, mtendaji. Kufua, jana. Shuka, kinachotendewa. Mama alifua shuka. Wake wa wajomba walikuja mlangoni mmoja mmoja. Nilisoma mpaka koo likakauka, na hakuna aliyecheka.

"Ngoja," mjomba alisema. "Mu hii kitabu dada yangu anapika, anafua, anachota, anatwanga. Iko ukurasa gani kwenye anaikala?"

Baba alinijia, tukapekua pamoja. Tulitafuta kwa muda mrefu. Hatimaye baba aliweka kidole kwenye sentensi moja, kwa matumaini makubwa: mama amekaa, anachambua maharagwe.

"Ile ni kazi," alisema mke mmoja mlangoni.

"Nilikuwa naangalia mu dirisha, natafuta mufano," baba alisema. "Kila saa nikiangalia, eko pale."

"Na haukutoka kumusaidia," mjomba alisema.

Baba alisema hapana, hakutoka. Aliinamisha kichwa, na nilimhurumia mpaka nikasahau kujihurumia. Ndipo mama aliposema kwa mara ya kwanza.

"Asome ile ya siku ya kucheka. Kuna siku mulicheka."

Nilijua ukurasa. Ulikuwa na mwandiko wangu, herufi zimelala kulia. Nilisoma mstari wa juu. Nilisoma wa katikati: zefi: mama; vol: kukana; erga: kujua. Wa chini ulikataa kutoka. Nilikuwa na hakika kwamba nikiusoma, mama hatarudi, na kwamba atakuwa na haki. Baba alinyoosha mkono akalichukua daftari.

"Mama hajui," alisoma. "Niliandika mi. Na mi njo nilicheka wa kwanza. Ile ni kosa yangu, naomba musamaha mbele ya bote."

Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akaitazama sukari. Nilinyamaza. Nimefanya mambo mengi ya aibu tangu siku hiyo, mengine makubwa, lakini kunyamaza kule ndiko ninakokukumbuka kwanza.

"Hajui nini?" mama aliuliza.

"Haisemi," baba alijibu. "Ni sentensi fupi."

"Basi luga yako haiyamalizika," mama alisema, akainuka kwenda kufunga vitu vyake.

Aliweka masharti mawili. Nyumbani tutasema lugha ambayo kila aliye ndani anaisikia, hata kama ni ya robine. Na madaftari atayachukua yeye. Baba alikubali yote mawili palepale, mbele ya mashemeji, na njiani kurudi alibeba mzigo wa mama kichwani, kitu ambacho wanaume wenye abakosti hawakukifanya. Tangu hapo saa kumi na moja alikuwa nje kwenye mbabula, akipuliza moto vibaya.

Mama aliuza vitumbua kwenye njia ya wafanyakazi, saa za kubadilishana zamu. Vitumbua vinahitaji karatasi. Lugha ya baba iliondoka Kapata ukurasa kwa ukurasa, mikononi mwa mafundi na madereva, ikilowa mafuta. Fundi mmoja alimsimamisha baba akamwuliza hizi etiketi ni za mashine gani. Baba alisema ni za mashine ya zamani, haitumiki tena. Aliniambia mwenyewe, na alijaribu kucheka.

Mimi nilichana kurasa na kumpa mama. Ilikuwa imepita miezi minne nilipougeuza ukurasa nikaona herufi zimelala kulia. Mama alikuwa amenyoosha mkono.

"Lete."

Sikumpa. "Mama," nilisema, "hii niliandika mi. Tata hakuandika. Na mi njo nilicheka wa kwanza."

Aliendelea kugeuza vitumbua kwenye mafuta mpaka vikaiva upande wa pili.

"Minajua," alisema. "Mi nilikuwa pa dirisha. Sauti ya mutoto wangu naijua."

Alichukua ukurasa mkononi mwangu, akafunga vitumbua viwili vya moto, akaviweka pembeni. Mteja alikuja, akapewa vyake katika ukurasa mwingine. Alipoondoka, mama alinirudishia kile kifurushi.

"Nilikuwa nangoja useme," alisema. "Kula, bitapoa."

Nilikula nimesimama karibu naye. Mafuta yalipenya karatasi mpaka maandishi yangu yakaonekana upande wa pili, yamegeuka, hayasomeki.