Upana wa Njia ya Fahali

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kugombana na watu waliotaka kujenga baharini. Nilikuwa mpangaji miji huko Pwani, na sikukosa kukutana na mtu mwenye hakika kwamba maji hayatafika kwake hata siku moja. Nilijifunza kusema hapana kwa adabu, kisha bila adabu. Kaunti ya nyumbani, Kakamega, ilipotafuta mtu wa kazi hiyo, nilifunga virago nikiamini kwamba ugomvi wa ufuo nimeuacha hukohuko ufuoni.

Nilipewa kituo kidogo cha soko nilikolelewa, mwendo mfupi kutoka Khayega. Tangu lami ilipofika, kituo kile kilikuwa kimeshikwa na haraka. Maduka ya saruji na mabati yalikuwa yamejipanga barabarani, boda boda zimejaa kila kona, na nyuma yake vyumba vya kupangisha vilikuwa vikiteremka mlima kuelekea kijito. Kando ya kijito kuna chemchemi, na soko zima hunywa hapo. Vyumba vikiteremka, vyoo vya shimo navyo huteremka, na sihitaji kueleza kilicho ndani yake huelekea wapi. Kama ujenzi ungefika ukingoni, chemchemi ingekwisha. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha haufiki.

Aliyetangulia wote katika kuteremka alikuwa shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke aliyenilea. Shamba lake lilianzia barabarani likaishia majini. Alikuwa mjane, anafuga fahali wa kupigana aliyeachiwa na mumewe, na alitaka vyumba vya kupangisha ili uzeeni asimwombe mtu chumvi. Nilimwelewa kabisa. Ndiyo maana nilikuwa na hofu naye kuliko wenye hoteli wote wa Pwani. Wengine wote wenye mashamba pale chini walikuwa wakimtazama yeye: akijenga, watajenga.

Katika mkutano wa kwanza wa hadhara nilisimama na ramani yangu. Niliwaeleza kwamba lazima tuache ukanda mpana mtupu kando ya kijito, kama tulivyofanya kule baharini. Hilo la baharini ndilo lililoniponza.

"Huku kuna bahari gani?" shangazi aliuliza mbele ya watu wote. "Hicho kijito mbuzi anarukanga. Mwana wa ndugu yangu, umekaa na samaki mpaka umesahau nyumbani."

Watu walicheka mpaka naibu wa chifu akafuta macho. Mimi pia nilicheka, kwa meno tu.

Hata hivyo mpima ardhi wetu alipigilia vigingi vya chuma kuonyesha mpaka wa ukanda. Majani ya pale ukingoni ni mazuri, na watu wetu wakiona chuma imara ardhini hawajiulizi mara mbili: walifunga ng'ombe. Ng'ombe akimaliza majani, mwenyewe aling'oa kigingi na kukipigilia mbele kidogo penye majani mengine. Wiki iliyofuata nilipokwenda kukagua, mpaka wangu ulikuwa umekwenda malishoni. Kigingi kimoja nilikikuta ng'ambo ya kijito, kimefungwa ndama. Nilikaa chini kwenye nyasi nikatukana, na nashukuru hapakuwa na mtu wa kanisani karibu.

Wakati huohuo shangazi alileta mafundi. Walichimba mtaro wa msingi kuvuka sehemu ya chini ya shamba lake, karibu kabisa na maji. Nilikwenda kwake kumsihi. Alinipikia obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, akanijazia sahani, akanisikiliza vizuri sana, kisha akaniambia mchanga na kokoto vinakuja Jumatatu. Nilirudi mjini nimeshiba na nimeshindwa.

Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu ilikuwa siku ya fahali kupigana. Asiyejua mambo yetu aelewe hivi: fahali hapelekwi uwanjani kama anayepelekwa sokoni. Anasindikizwa asubuhi na mapema kwa isukuti, zile ngoma zetu, na pembe, na watu wanaoimba na kukimbia pande zote mbili. Tena hapitishwi barabarani, maana akikutana na mpinzani wake kabla ya uwanja watapigana hapohapo katikati ya maduka. Kila boma lina njia yake. Fahali wa shangazi, tangu enzi za mumewe, alipita kandokando ya kijito. Njia hiyo haikuwa kwenye ramani yoyote, hata yangu.

Nilikwenda, kazi au si kazi, kwa sababu fahali yule nampenda. Tuliteremka tukiimba. Tulipofika chini ya shamba, fahali alisimama mbele ya mtaro. Alinusa udongo mpya, akakoroma, akakataa. Anayemchunga alimpapasa shingo, akamnong'oneza, akamsukuma kidogo. Hakuna.

"Hii haiwezi kuruka," mchungaji alimwambia shangazi. "Ikivunjika mguu, imekwisha. Na huko juu kwa lami ile ingine inapita saa hii."

Ngoma zilinyamaza. Mtaro ulikatiza kutoka ua wa jirani mpaka ukingo wa maji, hakuna pa kuzungukia. Watu wote walimgeukia shangazi, naye alikuwa akiutazama mtaro wake kama mtu aliyekuta mgeni amelala kitandani mwake. Nilikuwa na hotuba nzima mdomoni. Niliimeza, na hicho ndicho kitendo cha akili kuliko vyote nilivyofanya mwaka ule.

"Fukieni," alisema.

Fundi wake mwenyewe, aliyekuja kusindikiza, aliuliza kama ni mtaro wote.

"Nimesema fukieni. Dume la mzee wangu linapitanga wapi?"

Waliokuwa na majembe walitumia majembe, wengine mikono na miguu. Mimi nilifukia nikiwa na viatu vya ofisini, na furaha ilinijaa mpaka nikaona aibu kidogo. Fahali alipita juu ya udongo ule laini, ngoma zikalipuka, na huko uwanjani alimtimua mwenzake mpaka kwenye mahindi ya watu.

Jumatatu kokoto zilikuja. Shangazi aliagiza zimwagwe juu, karibu na barabara, na nikamchorea nyumba ya ghorofa ambayo mpango wangu uliiruhusu pale. Mkutano wa pili ulipoitishwa, sikutaja bahari. Shangazi alisimama kabla yangu.

"Kule chini ni njia ya ng'ombe," alisema. "Na akina mama wanatekanga maji hapo. Nani atajenga kwa njia?"

Jirani wa chini, mtu wa hesabu kali, aliuliza kwa nini njia iwe pana. Fahali, alisema, si mpana kuliko mlango.

Hapo ndipo nilipopata zamu yangu. "Basi tusibishane," nilisema. "Tumtembeze na ngoma na wasindikizaji wake wote. Vigingi tuvipige pale atakapokanyaga mtu wa mwisho pembeni mwa msafara."

Walikubali papo hapo, kwa kuwa sababu ya kucheza isukuti haikataliwi. Siku hiyo fahali alitoka bomani amepambwa majani, na kituo kizima nyuma yake. Mpima ardhi alitembea na vigingi vyake, safari hii vya zege, vizito vya kutosha kumshinda ndama. Upande wa juu wa msafara, ndani ya shamba lake mwenyewe, alikuwa shangazi akicheza mabega. Mpima ardhi aliinama penye mguu wake kuchimba. Shangazi akasogea hatua moja kupanda mlima. Yule akamfuata, akainama tena, naye akasogea tena, akiimba, jasho likimtiririka.

"Mama, nipige hapa?" mpima ardhi aliuliza, amechoka.

"Ngoja," shangazi alisema, akaniangalia mimi. "Sijamaliza kucheza."

Tulipopima, ukanda ulikuwa mpana kuliko ule niliouomba kwa ramani wakanicheka.